Stika ya mradi chini ya lenzi niliyouziwa na kaka yangu wa kazi

Mshauri, shikamoo.

Mimi ni dada wa miaka 28, napiga picha za harusi, send-off na kitchen party hapa Tanga. Kamera yangu ni Canon 6D na lenzi nilikuwa nazo mbili tu, 50mm f/1.8 na 24-105mm f/4. Wanaoijua kazi hii wanajua shida yake. Ukumbi una taa za rangi, MC yuko katikati, kamati haitaki usogee wakati maharusi wanalishana keki. Ukiwa na f/4 (namba ya f ikiwa kubwa, mwanga unaoingia ni mdogo) unapandisha ISO, yaani wepesi wa kamera kuhisi mwanga, hadi 12,800 na nyuso zinatoka na chenga. Muda mrefu nimeitamani lenzi ya 70-200mm f/2.8, inayovuta mbali na kupitisha mwanga zaidi.

Mwaka huu kaka mmoja tunayefanya naye kazi akaniambia anauza yake, Canon L yenye kutuliza mtikisiko, toleo la pili. Huyu si mtu baki kwangu. Ndiye aliyenifundisha kupima mwanga, ndiye anayenipa kazi ya kamera ya pili karibu kila Jumamosi, na mkewe namwita wifi. Alitaka 1,400,000. Dar es Salaam niliulizia kwa hali kama ile nikatajiwa kati ya 2,200,000 na 2,500,000. Nikaona kaka ananibeba. Nikamtumia milioni moja kwa simu, laki nne tukakubaliana nimalizie msimu wa harusi ukiisha. Hatukuandikiana. Alisema aliinunua mpya Dubai mwaka 2016.

Picha zake nzuri. Ila nilipoimulika kwa tochi kutokea nyuma nikaona nyuzi za fangasi, kama sentimita moja hivi, pembeni mwa kioo. Nikampelekea fundi. Fundi hakuanza na fangasi. Alitazama pete ya chuma ya nyuma inayoingia kwenye kamera, akauliza nani aliifungua, maana skrubu mbili kati ya nne vichwa vimeliwa.

Niliporudi nyumbani nikaamua kuisafisha yote. Lenzi ilikuja na sahani ya tripodi imekazwa chini ya mguu wa ile pete ya kushikia. Nikaifungua kwa sarafu ya shilingi 200. Chini yake kuna stika ya rangi ya fedha, nusu imekwanguliwa. Inaonyesha kipande cha mistari ya kusoma kwa mashine, herufi nne za mwanzo za jina la mradi mmoja wa afya, na namba inayoishia 0147. Mradi huo kila mtu hapa anaujua. Ulikuwa na ofisi na magari, ukafungwa mwaka 2025 fedha za Marekani ziliposimama. Halafu nyuma ya lenzi kuna alama ndogo ya wino, UZ0307. Nimesoma kuwa maana yake ni kiwanda cha Utsunomiya, Machi 2011. Sasa hiyo mpya ya Dubai ya 2016 ni ipi?

Nikampigia. Kwanza alisema hajui stika yoyote. Kesho yake akasema vitu vya mradi viligawanywa ulipofungwa, yeye alimnunulia jamaa aliyekuwa anafanya kazi pale. Nikauliza jamaa gani. Akakasirika: “Yaani mimi leo wa kuchunguzwa na wewe? Kama huitaki irudishe, ila hela nimeshatumia.” Tangu siku hiyo Jumamosi mbili zimepita hajaniita kazini. Laki nne yake anaikumbusha.

Mama anasema rudisha mali ya watu. Mume wangu anasema kwani umeiba wewe, piga kazi. Rafiki yangu mpigapicha anasema nichukue spiriti nifute stika, namba iliyochongwa niikwangue, nikaiuze Arusha. Nina harusi nne ambazo nimeshapokea malipo ya awali. Nikienda kuulizia kwa watu wa mradi naona kama namchongea mtu aliyenitoa mbali, naye ana watoto wanasoma. Nikinyamaza, kila nikiifunga kwenye kamera moyo unadunda. Nifanyeje?

Msomaji wako, Tanga

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mdogo wangu.

Nikikusoma vizuri, umenunua lenzi yenye fangasi na iliyowahi kufunguliwa na mkono usio na vifaa. Hilo lina bei yake na linazungumzika. Kinachokunyima usingizi ni kingine: hujui ilitokaje kwa mwenyewe wa kwanza, na mtu pekee anayeweza kukueleza amekupa maelezo mawili yasiyopatana. Tena mtu huyo ndiye mkono unaokupa kazi. Kwa hiyo kila swali unalotaka kuuliza kuhusu lenzi linageuka kuwa swali kuhusu udugu wenu, na ndiyo maana unalikwepa.

Tuanze na stika, maana naona umeshaihukumu. Ilikuwa chini ya mguu wa pete ya tripodi. Pete ile hutoka: unalegeza kifundo, unaifungua, unaivua, unavalisha lenzi nyingine ya aina hiyo. Mafundi na wauza vitu vya mkononi hubadilishana pete, kofia za mbele na mifuko kila siku. Stika ya kwenye pete inakuambia pete ilikuwa ya nani. Kuhusu lenzi yenyewe haijasema neno. Kinachosema ni namba ya utambulisho iliyochongwa kwenye mwili wa lenzi, kwa sababu taasisi inayotunza rejista ya mali zake kwa uangalifu huandika namba hiyo pembeni ya namba ya stika. Umetaja herufi na tarakimu za stika, umetaja alama ya wino, lakini namba iliyochongwa hukuitaja popote isipokuwa pale rafiki yako aliposhauri ikwanguliwe. Iandike leo.

Ile UZ0307 umeisoma sawasawa. U ni Utsunomiya, herufi ya pili, Z, ni mwaka 2011, na 03 ni Machi. Toleo hilo lilitangazwa Januari 2010, kwa hiyo tarehe haina mgogoro na lenzi. Mgogoro uko kwenye “mpya Dubai 2016”. Lenzi kukaa rafuni miaka mitano si jambo la kila siku, ingawa haliwezi kuitwa muujiza. Ila nikuulize kwa upole: hujawahi kusikia muuzaji akiitia Dubai katika habari ya kitu ili kukipandisha hadhi? Mtu anaweza kudanganya kuhusu Dubai na bado akawa ameinunua kwa njia ambayo yeye mwenyewe aliiamini. Uongo wa kwanza umekupa sababu ya kuuliza zaidi, lakini jibu bado hujalipata.

Na maelezo ya pili si ya kutupwa. Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na miradi mingi ikafungwa kwa haraka ambayo wahasibu hawakuizoea. Vitu viligawiwa washirika, vingine vikaenda hospitali na halmashauri, vingine vikauziwa wafanyakazi. Kwa taratibu za fedha za Marekani, kifaa kimoja chenye thamani ya chini ya dola 5,000 (kiwango kilichopandishwa hadi 10,000 Oktoba 2024) kwa kawaida hakihitaji ruhusa ya mfadhili ili kiuzwe au kitolewe. Lenzi kama yako iko chini ya hapo. Lakini uamuzi huo ni wa taasisi, na huacha karatasi, iwe barua ya makabidhiano, orodha ya mali zilizoondolewa kwenye rejista au stakabadhi ya malipo. Kama iliwahi kukabidhiwa kwa taasisi ya serikali, imekuwa mali ya umma, na hapo kuna kamati, mara nyingi na mnada. Kote huko hakuna mahali ambapo afisa mmoja anaondoka nayo begani kisha anamuuzia rafiki. Na taasisi makini ikitoa kitu chake huibandua stika yote au huandika kwamba kimeondolewa. Iliyokwanguliwa nusu kisha ikafunikwa kwa sahani, kwa kweli, inaniacha na maswali kama wewe, ingawa huenda aliyekwangua hakuwa yule aliyefunga sahani.

Kwa hiyo swali la kumuuliza kaka yako si “uliiba?” wala “jamaa aliiba?” Hilo halina jibu utakaloliamini. Swali ni nani anaweza kutia saini kwamba lenzi hii ilitoka kwa mwenyewe kihalali.

Sasa sheria, kwa ufupi, na mwanasheria akikuambia tofauti baada ya kuona vielelezo vyako, msikilize yeye. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, ina kifungu kinachomhusu anayepokea au kubaki na mali huku akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ilipatikana kwa wizi au njia haramu. Siku uliyotuma milioni moja hukuwa na sababu hiyo, ingawa bei ya chini ya soko kwa laki nane au zaidi ni jambo ambalo mpelelezi atakuuliza, na itafaa ujibu ulivyotujibu sisi: ulidhani kaka anakubeba. Leo umeiona stika. Tangu leo unachofanya na lenzi hiyo kinatazamwa kwa jicho jingine. Ndiyo maana ushauri wa rafiki yako, ambaye sina shaka anakupenda, ndio unaonitisha kuliko yote. Ukikwangua namba umeharibu ushahidi ambao ungekutetea, na ukiiuza Arusha umemtwika mtu mwingine mzigo wako ukiwa unaujua. Mume wako naye ana haki nusu. Hukuiba, ni kweli. Lakini chini ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, asiye na haki ya kuuza kwa kawaida hampi mnunuzi umiliki, hata kama mnunuzi ana nia njema. Mwenyewe akijitokeza anaweza kuichukua, na wewe unabaki kumdai aliyekuuzia. Sheria hiyohiyo inamchukulia kila muuzaji kuwa ameahidi kwamba ana haki ya kuuza, hata asipotamka.

Kabla ya kuongea na yeyote, linda ulichonacho. Usiguse stika kwa spiriti, mafuta wala ukucha. Weka lenzi mezani, zima taa, laza tochi ubavuni ili mwanga upite juu ya stika, upige picha kadhaa ukibadilisha upande wa tochi. Herufi zilizokwanguliwa wakati mwingine hujitokeza kwenye vivuli. Weka rula ndani ya picha. Piga namba iliyochongwa, alama ya wino na zile skrubu nne. Sahani ya tripodi iweke kwenye mfuko wake, usiirudishe. Omba taarifa ya miamala ya simu inayoonyesha ile milioni moja, na mazungumzo yenu ya WhatsApp yahifadhi nje ya simu. Kisha andika kwenye karatasi mlivyokubaliana: tarehe, bei, alichosema kuhusu Dubai, alichosema baadaye. Mpe mama yako asome na kutia saini kwamba aliiona siku hiyo.

Halafu kaka. Mlianza kwa simu na mkaharibikiwa kwa simu. Kumfuata kwake, wifi akiwa nyumbani, kuna uzito wake, na ukienda na mtu mzima mnayemheshimu nyote wawili hakuna atakayepandisha sauti. Ningeacha fangasi na skrubu nje ya kikao hicho. Ukizichanganya atashika lile jepesi, atakupunguzia laki moja ya fangasi, na swali la mwenye mali litakuwa limefunikwa. Unaweza kuongea hivi: “Kaka, sijaja kukuhukumu. Nataka kuvikatia bima vifaa vyangu na siku moja lenzi hii nitaiuza, nitaulizwa karatasi. Nisaidie jina la aliyekuuzia, au barua ya mradi. Laki nne yako ipo, nimeiweka pembeni, siku karatasi ikifika unaipata siku hiyohiyo.” Fedha hiyo itenge kweli. Ukiizuia kimya atasema umekataa kulipa deni, na hapo hoja yake itakuwa na nguvu kuliko yako.

Hatari ya njia hii ipo. Anaweza kukuletea barua ya kuchapa jana usiku. Barua ya kweli huwa na namba ya kumbukumbu, jina na cheo cha aliyesaini, na inataja kifaa kwa namba yake ya utambulisho, si “lenzi moja ya Canon”. Anaweza pia kumtonya yule jamaa. Au akakukatia kazi moja kwa moja. Hilo la mwisho ndilo unaloliogopa, nami silipuuzi. Jumamosi mbili bila kazi kwa mtu aliyepokea malipo ya awali tu si mchezo. Lakini umeniandikia kwamba una harusi nne za wateja wako mwenyewe, waliokulipa wewe malipo ya awali. Je, ni kweli kwamba bila yeye huna kazi, au hivyo ndivyo ulivyozoea kujihesabu tangu ulipokuwa mwanafunzi wake?

Njia ya pili ni kuuliza kwa waliokuwa wenye mradi. Mradi ukifungwa, taasisi iliyouendesha mara nyingi inabaki na makao makuu Dar es Salaam au mshirika aliyerithi shughuli na nyaraka. Unaweza kuandika barua fupi ukitaja namba iliyochongwa na namba ya stika, ukauliza kitu kimoja: je, kifaa hiki kiliondolewa kwenye rejista yenu kihalali? Huna haja ya kutaja jina la mtu katika barua ya kwanza. Wakijibu ndiyo, umepata karatasi safi kuliko yoyote ambayo kaka angekuletea, na yeye hajaguswa. Wakijibu hapana, watataka kujua unayo wewe na uliipata wapi, na swali hilo likishaulizwa huwezi kulirudisha mfukoni. Ukichagua kuanza huku bila kumwambia kaka, pima atakavyolipokea akilisikia kwa wengine. Ukianza kwake na kumwambia kwamba hatua inayofuata ni barua, umempa nafasi ya kusema ukweli mwenyewe. Umempa pia muda wa kujipanga. Sina mizani ya kukuchagulia hapo; wewe ndiye unayemjua.

Kituo cha polisi ni mlango mwingine, na wengine watakuambia ndio wa kwanza. Mwenye mali akiwa aliripoti, kuna RB, yaani namba ya taarifa ya polisi, mahali. Ukienda, nenda na nakala za vielelezo vyote, pamoja na mwanasheria au angalau mwenyekiti wa serikali ya mtaa wako, na ukikabidhi lenzi dai hati ya kuipokea yenye namba iliyochongwa. Jua tu kwamba kielelezo kinaweza kukaa kabatini miezi mingi, na fangasi haisubiri kesi.

Njia ambayo mama yako anaitaka, kurudisha, ina swali moja: kurudisha kwa nani? Ukimrudishia kaka na akakulipa kidogokidogo, umetoka mikono mitupu lakini salama zaidi, mradi muandikiane na shahidi awepo, na hati iseme sababu ya kurudisha. Ila lenzi itauzwa tena kwa binti mwingine kama wewe, sahani ikiwa imerudishwa mahali pake. Huenda hilo likakusumbua, huenda lisikusumbue.

Kuhusu harusi nne, usiache ziamue jambo hili. Ukiwa na wasiwasi wa kuibeba hadharani, kuna kukodi, na kuna lenzi ya 85mm f/1.8, ambayo kwa mkononi bei yake ni sehemu ndogo ya 70-200. Pale ulipolazimika ISO 12,800 kwa f/4, kwa f/1.8 unashuka hadi kama 2,500, chenga zinapungua sana. Kilichopungua ni uwezo wa kuvuta mbali. Picha uliyoipata kwa 200mm ukiwa mita 10, kwa 85mm itakubidi usimame mita 4 na kidogo. Ongea na kamati na MC mapema wakuachie njia ya pembeni wakati wa keki. Wakikataa, 6D ina megapikseli 20. Ukikata picha hadi nusu ya upana wake unabaki na kama tano, zinazotosha picha ya inchi 6 kwa 9 kwenye albamu. Mteja hakulipia lenzi, alilipia picha.

Fangasi nayo. Usimpe fundi aifungue kwa sasa. Kwanza, usilipie matengenezo ya kitu ambacho huenda kikaondoka. Pili, kila mkono mpya unaoingia unachafua historia ambayo unajaribu kuisafisha. Vichwa vya skrubu kuliwa si lazima iwe dalili ya mwizi: skrubu za Kijapani zina mkato wao wa JIS, yaani wa viwango vya Japani, na bisibisi ya kawaida ya nyota hupanda na kuvikwangua hata mikononi mwa fundi mwaminifu. Kinachokuhusu ni kama ilifungwa vizuri. Bandika ukurasa wa gazeti ukutani, weka kamera kwenye tripodi, zima kutuliza mtikisiko, piga kwa f/2.8 kwenye 70, 135 na 200. Maandishi ya kona zote yakikosa makali kidogo kwa usawa ni tabia ya lenzi. Kona moja tu ikikosa makali, huenda kuna kioo kilichorudishwa kimeinama, na kati ya vioo 23 vilivyomo, kukitafuta si kazi ya kibandani. Matokeo hayo yatakusaidia kwenye bei siku mtakapofika huko.

Wakati unasubiri, hewa ya Tanga haikungoji. Tafuta boksi la plastiki lenye mpira kwenye kifuniko, weka gramu 200 za silika jeli, zile punje za kunyonya unyevu, na kipima unyevu kidogo, lenga asilimia 40 hadi 50. Mchele acha kwa ubwabwa. Una vumbi na haunyonyi vya kutosha. Silika ikibadilika rangi, ikaushe kwenye oveni kwa nyuzi kama 120 kwa saa mbili. Lenzi zako nyingine zikae boksi jingine hadi hii itakaposafishwa.

Na kama karatasi ikipatikana ikawa ya kweli? Hakikisha inataja namba iliyochongwa, mwombe kaka aandike nyuma yake kwamba amekuuzia wewe, kwa bei gani na lini, mtie saini wote wawili mbele ya shahidi. Mhesabie laki nne yake palepale. Nakala moja iweke kwenye mfuko wa lenzi, maana atakayeinunua kwako siku moja ataigeuza na kufungua ile sahani kama ulivyofanya wewe.